Shoga, nimeipita njia yako

Konde, Pemba

Shoga yangu,

Assalamu alaykum. Sisi sote wazima, alhamdulillahi. Mamaako anakusalimu sana, nimemwacha anaanua karafuu.

Juzi nimelala kwenu Makangale, kwenye kitanda chako. Darasani kwangu, kidato cha nne, nina wasichana wanne wa huko, na mmoja alikuwa akisinzia kila siku kipindi cha pili. Nilimgombeza mara mbili. Mara ya tatu akanijibu taratibu, "Mwalimu, mimi naamka saa tisa na nusu, nachota maji kwanza." Nikanyamaza. Nikaona lazima nitembee nao.

Tuliswali alfajiri tukatoka. Ukiingia Ngezi, shoga, lile giza si la usiku tena, ni la msitu. Popo wanarudi kulala, umande unadondoka kutoka kwenye mivule, na watoto hawasemi neno, wameshikana mikono tu. Viatu wamevitia mkobani visiroe. Hapo nikakukumbuka ukivaa vyako kwenye ngazi za skuli, nasi wa mjini tukikucheka. Na mimi nilicheka. Tena nilikwita mvivu mbele ya watu, siku uliyosinzia kwenye hesabu. Niwie radhi. Tulikaa dawati moja miaka yote ile, na mimi kutoka nyumbani hadi skuli sikuwahi kumaliza kipande cha muhogo njiani.

Wazee walikuwa wakitwambia hatuna udhuru, elimu ilitangazwa bure tangu tarehe 23 Septemba 1964. Kweli, ada haikumtoa mtu. Wenzako kilichowatoa ni ile njia. Msimu wa karafuu ukiingia, mtoto akalipwa kwa pishi alizochuma, kurudi tena kwenye kile kiza kunamshinda. Mlianza sita kutoka kwenu, ukamaliza wewe peke yako, na mimi sikuwahi hata kuuliza wale watano wako wapi.

Sasa nimewapa hawa wanne chumba cha uani mpaka mtihani uishe. Wazazi wameridhia, wanaleta ndizi na samaki. Magodoro ni mawili tu, ukiweza tuletee jengine. Na ukija sikukuu, lala nao japo usiku mmoja, maana kila jioni wananiuliza habari zako. Yule wa kusinzia anataka kujua viatu vyako vikiroa ulikuwa ukivikausha vipi kabla ya kengele. Nimemwambia nitakuuliza.

Wako wa dawati moja