Mateso yaliwapunja haki waathirika wa Agosti 1998

Ndugu Mhariri,

Kila linapotokea shambulio la kigaidi katika ukanda wetu, kama lile la Westgate mwaka 2013 lililoua watu 67, au la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 ambako waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi, hurudi hoja ile ile barazani, nyumba za ibada na hata katika kurasa hizi za barua: kwamba gaidi hana haki, na kwamba askari aliyemtia mbaroni mtuhumiwa aachwe amhoji anavyojua mwenyewe, ilimradi roho za watu ziokolewe. Naomba nafasi niipinge hoja hiyo, tena niipinge kwa jambo lililotugusa sisi wenyewe, yaani milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, na yale yaliyowafika baadaye Watanzania waliokamatwa kwa tuhuma za ugaidi.

Siku ile walikufa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na maelfu wakajeruhiwa. Nairobi wengi walipoteza macho, kwa sababu mlio wa kwanza, wa guruneti lililorushwa pale getini, uliwafanya wafanyakazi wa majengo ya jirani wakimbilie madirishani kutazama kulikoni, na lori lenye bomu lilipolipuka muda mfupi baadaye vioo vikawarukia usoni. Anayesema watuhumiwa wasiteswe asidhaniwe kuwa amewasahau watu hao. Mimi nawatanguliza wao, kwa sababu ninaamini kwamba mateso waliyofanyiwa watuhumiwa ndiyo yaliyowapunja waathirika haki yao mahakamani, na ushahidi wa jambo hilo uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Mwaka 2001 wanaume wanne walitiwa hatiani mjini New York kwa milipuko ile, mmoja wao akiwa Mtanzania, Khalfan Khamis Mohamed, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999. Kesi yao ilijengwa kwa upelelezi wa kipolisi na kusikilizwa hadharani, mashahidi wakatoa ushahidi mbele ya watu, mawakili wa utetezi wakawahoji, na wote wanne wakafungwa maisha. Haikuwa kesi isiyo na doa, kwani Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema kwamba serikali ya nchi hiyo ilivunja sheria ilipomkabidhi Mohamed kwa Wamarekani bila kudai kwanza ahadi kwamba hatauawa. Hata hivyo hakuna shahidi muhimu aliyekataliwa kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumtesa mtu.

Sasa tazama kesi ya Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani. Huyu alikamatwa Pakistan mwezi Julai 2004, akakabidhiwa kwa Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, akafichwa katika magereza ya siri kwa takriban miaka miwili, kisha akapelekwa Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani lililoko Cuba, mwaka 2006. Kesi yake ilipoanza hatimaye kusikilizwa katika mahakama ya kiraia New York mwaka 2010, waendesha mashtaka walikuwa na shahidi waliyemtegemea sana, mtu aliyekuwa tayari kueleza kwamba alimuuzia mshtakiwa baruti. Lakini jina la shahidi huyo lilijulikana kwa sababu Ghailani alilitaja akiwa mikononi mwa CIA, katika mahojiano ya kulazimishwa. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo. Tarehe 17 Novemba 2010 jopo la wananchi waliokaa kuamua kesi lilimwona hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280, yakiwemo mashtaka yote ya mauaji, na likamtia hatiani kwa kosa moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani.

Alifungwa maisha kwa kosa hilo moja, na wapo wanaosema kwamba basi hakuna kilichopotea. Siwezi kukubaliana nao hata kidogo. Katika hati ile ya mashtaka kila marehemu alikuwa na shtaka lake, na kwa kila mmoja wa marehemu wale 224 jibu la mahakama lilikuwa kwamba mauaji yake hayakuthibitishwa dhidi ya mshtakiwa. Wapo pia waliomlaumu jaji. Jaji hakumtesa mtu. Yeye alikataa tu kuifanya mahakama iwe mshirika wa waliotesa. Mwenye kulaumiwa ni yule aliyedhani kwamba kwa kuvunja sheria chumbani anaisaidia sheria kortini.

Yuko pia Mtanzania mwingine, wa Zanzibar, ambaye habari zake zinasimuliwa kidogo mno kwetu. Suleiman Abdullah Salim alikuwa mvuvi. Mwezi Machi 2003 alikamatwa Mogadishu, akapitishwa Kenya, akaishia Afghanistan katika gereza la siri la CIA ambalo wafungwa waliliita Giza, kwa kuwa humo hamkuwa na mwanga hata kidogo, muziki ulipigwa kwa sauti ya kupasua masikio usiku na mchana, na mfungwa alifungwa kwa minyororo ukutani akiwa na ndoo ya kujisaidia. Kwa mujibu wa madai aliyoyafikisha mahakamani, alimwagiwa maji ya barafu, akanyimwa usingizi, akaning'inizwa kwa mikono na kusokomezwa ndani ya kisanduku. Gereza hilo ndilo ambamo mfungwa mwingine, Gul Rahman, alikufa mwezi Novemba 2002, akiwa amefungwa sakafuni nusu uchi katika baridi. Salim aliachiwa Agosti 2008, miaka zaidi ya mitano baadaye, akiwa na karatasi ya jeshi la Marekani inayosema kwamba yeye si tishio. Hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Yeye na wenzake waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu hizo, na mwaka 2017 shauri likaisha kwa makubaliano ambayo masharti yake hayakutangazwa.

Ndugu Mhariri, watetezi wa mateso hupenda kutupa mfano wa bomu lililotegwa, saa inahesabu, na aliyelitega yuko mbele yetu kafunga mdomo. Ninauelewa uzito wa mfano huo, na mzazi yeyote mwenye mtoto shuleni anauelewa. Lakini mfano wenyewe umeshatukubalia kila kitu kinachogombaniwa: kwamba aliyekamatwa ndiye hasa, kwamba anakijua tunachokitafuta, kwamba akiumizwa atasema kweli, na kwamba atasema kwa wakati. Katika kituo cha polisi hakuna hata moja kati ya hayo linalojulikana. Ghailani alikamatwa miaka sita baada ya mlipuko. Ripoti ya Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani, iliyotolewa muhtasari wake Desemba 2014 chini ya uenyekiti wa Dianne Feinstein, iliwahesabu watu 119 waliopita katika magereza yale ya siri na kuonyesha kwamba angalau 26 kati yao hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe. Ripoti hiyo hiyo inaeleza kwamba kampuni ya wale wanasaikolojia wawili ililipwa dola milioni 81. Wanaosema kwamba mateso yaruhusiwe kwa dharura tu wajiulize ni dharura gani hiyo yenye zabuni na malipo ya miaka.

Kuhusu kusema kweli, kisa cha Ibn al-Shaykh al-Libi kinatosha. Huyu, mtuhumiwa wa ugaidi aliyekuwa mikononi mwa Wamarekani, alipelekwa Misri, na akiwa huko alisema kwamba Iraq iliwafundisha al-Qaeda matumizi ya silaha za kemikali. Maneno hayo yakaingia katika hotuba ya Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 5 Februari 2003, na wiki chache baadaye vita vya Iraq vikaanza. Mwaka 2004 al-Libi aliyakana, akaeleza kwamba aliyasema ili asiendelee kuteswa.

Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba napinga mateso kwa sababu hayaleti faida tu. Yangeleta faida, bado ningeyapinga. Askari anayempiga risasi mtu aliyeshika bunduki akielekea kuua anapambana na mtu anayeweza kumdhuru. Aliyekwisha kufungwa pingu na kuvuliwa nguo hana tena la kumfanya yeyote, na anayemuumiza katika hali hiyo anafanya jambo ambalo hakuna cheo wala kiapo cha kazi kinachoweza kulihalalisha. Kinachoumizwa ni mtu, awe kafanya au hakufanya.

Na sisi Waafrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kulihofia neno gaidi likitumika kama kibali. Wapiganaji wa Mau Mau waliitwa hivyo hivyo na serikali ya kikoloni. Mwezi Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya wakubwa ikasema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Ilibidi kungoja hadi Juni 2013 ndipo Uingereza ilipokiri mateso ya kambi zile na kukubali kuwalipa fidia walalamikaji 5,228, wakati wengi waliopigwa walikuwa wameshazikwa.

Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(e), inasema ni marufuku kwa mtu kuteswa, na haikuongeza kwamba isipokuwa awe mtuhumiwa wa ugaidi. Kenya iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso mwaka 1997, na mwaka 2017 ikatunga sheria yake ya kuzuia mateso, ingawa vilio vya familia za pwani ambazo vijana wao wamechukuliwa na kutoonekana tena vinaonyesha kwamba kutunga sheria ni jambo moja na kuitii ni jingine. Tanzania, hadi ninapoandika, haijauridhia mkataba huo. Mkataba huo unakataza mateso hata wakati wa vita, na unakataza maneno yaliyopatikana kwa mateso yasitumike kuwa ushahidi, jambo ambalo kesi ya Ghailani imetufundisha thamani yake kwa gharama kubwa.

Ninaiomba Wizara ya Katiba na Sheria ieleze Bungeni ni kitu gani kinachozuia mkataba huo usiridhiwe, na ni lini mahojiano ya watuhumiwa wa ugaidi yataanza kurekodiwa kwa picha na sauti tangu dakika ya kwanza, wakili akiwepo, ili siku kesi itakapofika mahakamani jaji asilazimike kuutupa ushahidi ambao waathirika wamekuwa wakiungojea.

Wenu,
Msomaji, Tanga