Zoezi lisitumwe kwenye simu ambayo mtoto hana

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili hizi nimewasoma wazazi wakijibizana humu kuhusu simu na masomo: mmoja anataka wanafunzi waruhusiwe kwenda nazo shuleni, mwingine anataka hata walimu wazizime wakifika getini. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, mwaka wa 17 sasa, katika shule ya kata kandokando ya barabara ya Pangani, nje kidogo ya mji wa Tanga. Simu na kishikwambi nafundishia, tena nazipenda kazi zake. Lakini nimewahi kumuumiza mtoto kwazo, na nitaanza na hilo.

Kundi letu la WhatsApp la wazazi tulilifungua Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Wakati ule lilitufaa sana. Mwishoni mwa Juni wanafunzi wakarudi, kundi likabaki, na kidogo kidogo tukahamishia humo kazi ambazo zamani tuliziandika ubaoni. Ni rahisi mno: unaupiga picha ukurasa, unatuma, umemaliza. Ijumaa moja jioni, mwaka jana, nilituma zoezi la kusoma ramani kwa kidato cha tatu. Jumatatu nikakusanya kazi. Kati ya wanafunzi 58, waliofanya walikuwa 23. Waliobaki niliwasimamisha wote nikawaandikia sifuri.

Binti mmoja kati ya hao niliowapa sifuri alikuwa ameniletea karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Niliiona ni uchafu, nikaiweka pembeni. Mchana ofisini ndipo nikaitazama. Alikuwa ameichora ramani nzima kwa penseli: mto, barabara, na mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, imezungukana kama kitunguu kilichokatwa kati, namba za mwinuko nyingine zimeruka. Nikamwita. Mama yake ana simu ya kitochi. Namba iliyomo kwenye kundi ni ya mjomba wake aliyeko Dar es Salaam. Jumamosi alikwenda dukani kwa jirani ambaye naye ana mtoto shuleni kwetu, akaonyeshwa lile zoezi kwenye simu, wateja wakaja, simu ikarudi mfukoni kwa mwenyewe. “Nilikimbia nyumbani nisije nikasahau, madam,” aliniambia. Alikuwa ameichora ramani kwa kumbukumbu ya dakika mbili tatu, na mimi nimempa sifuri kwa wino mwekundu.

Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo sijatuma tena zoezi kwenye kundi, na nawaomba walimu wenzangu wasitume. Kundi libaki la matangazo ya vikao na mahudhurio. Mzazi asiye na bando, mzazi aliyebadilisha laini, mzazi anayerudi kutoka baharini saa nne usiku, wote hao wana watoto wenye haki sawa ya alama.

Wapo watakaosema basi vifaa hivi viachwe kabisa. Hapana. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyohesabia watu viligawiwa walimu, na kimoja kilinifikia mimi. Naomba nieleze nilichokifanya nacho, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Katika Jiografia tunafundisha kujaa na kupwa kwa maji. Tunafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi hukariri majina mawili ya Kiingereza ya aina za maji, spring tide na neap tide, anayaandika kwenye mtihani, halafu basi. Nusu ya darasa langu ni watoto wa wavuvi wa Tongoni na Mwarongo. Siku moja nikaenda ufukweni siku ya bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, nikasimama penye mkoko mmoja, na kila saa moja nikapiga picha ileile kwa kishikwambi, kuanzia alfajiri hadi jioni. Siku saba baadaye, wakati wa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, nikarudia palepale. Kisha nikamwomba nahodha mmoja mzee, babu wa mwanafunzi wangu, anieleze maji kwa ujumbe wa sauti. Mzee hajui kusoma, lakini kitufe cha kurekodi anakijua vizuri. Nilimuuliza kwanza kama anaridhia sauti yake isikike darasani, akasema nimpe siku ajiandae.

Alituma jumbe sita. Anahesabu mwezi kwa vidole, unamsikia. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupanda sana na kupwa sana; ukiwa nusu, maji husinzia. Kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana, akasema, ndiyo maana saa ya kutoka kuvua haikai mahali pamoja. Kitabu kinasema huchelewa kama dakika 50. Mzee hakutaja dakika. Alisema, “Ukimaliza kunywa chai na kuvaa, yamekwisha kuchelewa.”

Nilizicheza zile jumbe darasani, madirisha yamefungwa ili upepo wa kusi usimeze sauti. Kishikwambi kikazunguka dawati kwa dawati na zile picha: asubuhi mkoko umezama hadi matawini, mchana mizizi yote iko nje na kaa wanatembea. Kijana mmoja wa Mwarongo, ambaye sijawahi kumsikia akijibu swali tangu kidato cha kwanza, akasimama bila kuitwa: “Kumbe lile jina la kwenye kitabu ndiyo bamvua!” Miaka mitatu alikuwa analikariri neno la jambo ambalo baba yake analitaja kila mwezi mlo wa usiku ukiwa mezani. Nikamwacha aeleze mwenyewe kwa nini jua na mwezi vikivuta kwa mstari mmoja maji hupanda zaidi. Alieleza vizuri kuliko mimi.

Kwa somo lile bando halikuhitajika. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima, wenzangu waliokuwa wametegemea video za mtandaoni walikwama. Mimi vitu vyangu vilikuwa kwenye memori kadi.

Ninachoomba kwa wanaopanga bajeti za elimu ni hiki. Vishikwambi vilivyovunjika vioo vipo kabatini shuleni kwetu, na hakuna fungu la kuvitengeneza, vitengenezwe. Kila shule ya kata ipate projekta moja na njia ya kuiwasha umeme ukikatika, kwa sababu kishikwambi kimoja kikizungushwa kwa wanafunzi 58, wa mwisho huona picha kengele ikiwa imeshagongwa. Mwalimu asinunue bando la kufundishia kwa fedha ya nyumbani kwake, kama tunavyofanya sasa. Vitabu viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini kuvifungua ni bando. Na utoke waraka ulio wazi kwamba kazi iliyotolewa kwa njia ya simu tu, bila kuandikwa ubaoni, isihesabiwe katika alama za mwanafunzi.

Kuhusu wanafunzi kuja na simu zao darasani, siungi mkono. Mwenye simu nzuri angekaa na mwenye nayo, na yule binti wa ramani angekaa peke yake.

Mwalimu yeyote wa mwambao huu, Pangani, Muheza au Mkinga, anayezitaka zile picha na sauti za nahodha, mzee ameniruhusu kuzigawa. Anipate kupitia ofisi yako, Mhariri, aje na memori kadi yake nimwekee.

Mwalimu wa Jiografia,
Tanga
(Jina kamili analo Mhariri)