Wagonjwa wa kisukari wavuliwe viatu kila kliniki

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni nesi, kazi yangu kufunga vidonda, na kinachoniumiza sana ni kuona mtu mwenye kisukari anakatwa mguu ambao ungeokolewa mapema kabisa.

Mgonjwa anafika kliniki anapimwa sukari, anapimwa presha, anaandikiwa dawa, anaondoka na viatu vyake mguuni na hakuna aliyemwambia avue. Kumbe chini ya unyayo ana kidonda cha wiki mbili tatu na mwenyewe hana habari, maana sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, mguu unakufa ganzi, anakanyaga msumari hasikii, anaungua na maji ya moto hasikii, wengine wanang'atwa na panya usiku usingizini wanakuja kushtuka asubuhi wakiona damu kwenye shuka. Hili la panya si hadithi, madaktari wa Dar es Salaam walishaliandika kwenye majarida ya kitaalamu. Na kwa sababu kidonda hakiumi, mtu anasema ah, kitapona tu.

Kupima ganzi hakuhitaji mashine, ni kiuzi cha nailoni kinachopinda kikikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, unamgusisha unyayoni mpaka kipinde, unamuuliza kama amesikia. Dakika chache tu jamani!

Sasa kidonda chenyewe. Nyumbani watu wanamwagia unga wa zile kapsuli za rangi mbili, wengine majivu, wengine dawa ya meno, juu inakauka ndani usaha unachimba mpaka mfupa. Kidonda cha kisukari kinatakiwa kikwanguliwe nyama iliyokufa, kisafishwe, daktari aangalie kama damu inafika vidoleni, antibaotiki apewe kama kimeingia wadudu, na sukari ishushwe. Ila kinachosahaulika kuliko vyote ni kuupumzisha mguu. Naweza kufunga kidonda vizuri kabisa halafu mgonjwa anatoka anatembea juu ya kidonda hichohicho mpaka stendi, kesho anasimama siku nzima anauza chakula, hapo hata dawa iwe ya bei gani kidonda cha unyayoni hakiponi. Ndio maana kuna wanaofungwa plasta ngumu kama ya mvunjiko, au kiatu maalum cha kutoa uzito pale penye kidonda. Viatu hivyo ni shida kupata na bei inawashinda wengi, naomba wanaoendesha bima na wizara ya afya waliangalie hili kwa sababu mguu wa bandia nao si bei ndogo. Na ndugu mlio nyumbani msimuone mvivu akikaa, msaidieni kuchota maji, kwenda sokoni.

Manesi wenzangu, akija mtu mwenye kisukari mguu umevimba, una joto, unanuka au kidole kimekuwa cheusi, tusimpange foleni wala kumpa tarehe ya wiki ijayo, aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Nesi wa vidonda,
Dar es Salaam