Kwa Mdogo Wangu, Kuhusu Kifua Unachokificha

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani, bila kukutaja jina, kwa sababu wapo wanaume wengi waliopungua mwili kama wewe ambao bado wanavaa vesti mbili chini ya shati kuficha matiti yaliyolegea, hata katika joto la Tanga, wakiamini kwamba hawajajitahidi vya kutosha. Umeniambia kuwa utaongeza vyuma mpaka kifua kikae sawa. Sipendi uendelee kujilaumu kwa jambo lisilo katika uwezo wa vyuma.

Ngozi iliyotanuliwa na mafuta kwa miaka mingi hupoteza nyuzi zinazoivuta irudi mahali pake, hivyo mafuta yakiisha, ngozi hubaki ikining'inia na chuchu zikiwa zimeshuka. Mazoezi hukuza misuli iliyo chini yake, lakini hayaifupishi. Hata kufyonza mafuta kwa mrija, jambo linalosifiwa sana katika matangazo, peke yake hakutoshi panapokuwa na ngozi nyingi ya ziada. Kinachobaki ni kisu, nacho si kigeni: Paulo wa Aegina, tabibu Mgiriki wa karne ya 7, alikwisha kueleza namna ya kupasua na kupunguza matiti ya mwanamume, kwa hiyo wanaosema huu ni ulimbwende wa vijana wa siku hizi wamechelewa sana.

Hata hivyo, kapimwe kwanza, kwa maana si kila titi la mwanamume ni mafuta na ngozi tu. Tezi zenyewe zinaweza kukua kutokana na ugonjwa wa ini, hitilafu za homoni, au dawa kama spironolaktoni (ya kupunguza maji mwilini na shinikizo la damu) na efavirenzi (ya VVU), bila kusahau zile za kujaza misuli zinazouzwa kwa siri kwenye majumba ya mazoezi. Ukigusa uvimbe mgumu wa upande mmoja, au chuchu ikitoa damu, usingoje hata wiki, kwani takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya matiti ni mwanamume.

Uzito wako nao unapaswa kutulia kwa miezi 6 hivi kabla ya upasuaji, la sivyo utapungua tena na ngozi italegea upya. Sigara uache angalau wiki 4 kabla, kwa sababu nikotini hubana mishipa ya damu, na chuchu isiyopata damu hufa. Na hicho chakula chako cha kujinyima kiongeze protini, maana kidonda hakifungi kwa maji ya ndimu.

Ninalotaka ulitafakari kuliko yote ni kovu. Kwa mtu aliyepungua sana, mara nyingi mkato hupita chini ya kifua pande zote mbili, na wakati mwingine chuchu hutolewa kabisa na kupandikizwa mahali papya, ambapo huenda ikapoteza hisia au rangi yake. Unakumbuka uvimbe ulioota kwenye sikio la mama baada ya kutogwa? Hiyo ni keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua kupita jeraha lenyewe. Huwapata zaidi watu weusi, hurithiwa katika ukoo, na kifua ni miongoni mwa sehemu zinazoipenda. Mweleze daktari habari hiyo waziwazi, na umwombe picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako, zilizopigwa baada ya mwaka mmoja. Mimi naona ni biashara ya haki kwa mtu anayekwepa hata kuoga baharini, lakini kovu utakaa nalo wewe.

Baada ya hapo utavaa vesti ya kubana kwa wiki kadhaa, na vyuma utavisahau kwa wiki 4 hadi 6. Iulize bima yako mapema, kwa kuwa bima nyingi huhesabu upasuaji huu kuwa urembo.

Ukipangiwa tarehe, nijulishe mapema niombe ruhusa kazini, kwa sababu baada ya nusu kaputi hupaswi kurudi nyumbani peke yako.

Dada yako.