F-35 haikucheleweshwa na rada, ilicheleweshwa na kutaka kuwafurahisha wote

Mhariri, salaam. Nimeisoma makala yenu ya ndege za kivita za kisasa na kiukweli imenoga, ila mmefanya kama wanavyofanya wengi, mmeisifia F-35, ndege ya kivita ya Marekani, kwa kukwepa rada, mkasifia kofia ya rubani, mkataja bei mkaishia hapo. Kampuni ya Lockheed Martin walipewa kazi ya kuiunda Oktoba 2001, alafu Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, wakaja kuruhusu uzalishaji kamili Machi 2024. Miaka 22 na ushee ilienda wapi? Hamkuligusa kabisa hilo na kwangu mimi hapo ndo penye habari yenyewe.

Watu wengi wanadhani ugumu ulikuwa kuificha ndege. Wapi! Hilo Wamarekani walishalijua kitambo, tena hesabu zenyewe za namna mawimbi yanavyoruka yakigonga kingo za kitu zilichapishwa na mwanafizikia wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, mwaka 1962, Wasovieti wenyewe hawakuona kama kuna siri humo, Lockheed wakazisoma wakazifanyia kazi na F-117, ndege yao ya mwanzo ya kukwepa rada, ikaruka 1981. Ukiitazama F-35 kwa karibu utaona milango ya magurudumu na ya mabomu kingo zake zimekatwa kama meno ya msumeno, sio urembo ule, ni ili wimbi la rada likigonga litupwe pembeni lisirudi lilikotoka. Njia ya kuingizia hewa nayo imepinda ili rada isiyaone mapanga ya injini, na silaha zinakaa tumboni. Na bado sio uchawi, maana hiyo hiyo F-117 ilitunguliwa Serbia tarehe 27 Machi 1999 na kombora la mfumo wa S-125 ambao Wasovieti walianza kuutumia tangu miaka ya 60 mwanzoni.

Kilichoitesa F-35 ni kutaka ndege moja itosheleze majeshi matatu. Jeshi la Anga wanataka ya kurukia ranwei ya kawaida (hiyo ndo F-35A), Wanamaji wanataka ya kutua kwenye meli, yaani mabawa makubwa na yakunjike (F-35C), Marine, askari wao wanaovamia kutokea baharini, nao wanataka ipae kwenye njia fupi na kutua wima kama helikopta. Hii ya Marine, F-35B, ndo iliyowatoa jasho wote. Nyuma ya rubani kuna feni kubwa inayozungushwa na shafti inayotoka kwenye injini, na feni hiyo imekaa sehemu ambayo F-35A inaweka mafuta, kwaiyo umbo la ndege zote tatu ilibidi lilizunguke hilo feni hata kwa wale wasiolihitaji! Alafu ndege ya kawaida ikizidi uzito inakimbia ranwei kidogo zaidi inapaa, ila inayotua wima ikizidi uzito haina pa kukimbilia, itashuka kwa kishindo. Mwaka 2004 wakapiga hesabu wakakuta B imezidi kama tani moja hivi na ushee. Mradi ukasimama, wakaunda timu nzima ya kuwinda kilo, wafanyakazi wakawa wanapewa hela wakileta wazo la kupunguza uzito, na chumba cha mabomu cha B kikapunguzwa, ndo maana mpaka leo B haibebi tumboni bomu la kilo 900 ambalo A na C zinalibeba. Ile F-35 ya kwanza kabisa iliyoruka 15 Desemba 2006 ilikuwa imejengwa kwa mchoro wa kabla ya hayo marekebisho, yaani siku inaruka imeshapitwa na ndugu zake ambao hawajazaliwa.

Na ile ahadi kwamba vipuri vingi vitaingiliana ili gharama zishuke? Mwaka 2016 Jenerali Christopher Bogdan aliyekuwa mkuu wa mradi alisema vinavyoingiliana ni asilimia 20 hadi 25 tu. Sasa hapo si una ndege tatu ulizozipa jina moja jamani.

Kosa la pili ni kuanza kuziuza wakati majaribio hayajaisha. Frank Kendall, aliyekuwa anasimamia manunuzi Pentagon, alilisema wazi mwaka 2012 kwamba ule ulikuwa ununuzi wa hovyo. Kila kasoro ikionekana kwenye majaribio ndege zilizokwishatoka kiwandani zinarudishwa kufunguliwa upya. Hata juzi juzi tu, kuanzia Julai 2023 jeshi lilikataa kupokea ndege mpya karibu mwaka mzima kwa sababu programu ya kompyuta mpya zilizofungwa humo haijawa tayari, ndege zimekamilika zina rangi na kila kitu zimepaki zinasubiri.

Sasa tuje kwenye hiyo bei mliyoiandika. Ni kweli F-35A ilishashuka mpaka chini ya dola milioni 80 kwa moja, na mkiisoma hivo unaona afadhali. Ila wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, wamesema mwaka 2024 kuzitunza zote mpaka zistaafu makadirio yamefika dola trilioni 1.58, kutoka trilioni 1.1 ya mwaka 2018, na ripoti yao ya 2023 ilisema zilizokuwa tayari kwa kazi mwezi Machi mwaka huo ni kama asilimia 55. Karibu nusu zilikuwa haziko tayari, na sababu mojawapo ni kusubiri vipuri! Mi sisemi ni ndege mbovu, marubani wengi wanaipenda na nchi kibao zimepanga foleni kuinunua. Uturuki walipotolewa kwenye mradi 2019 kwa kununua S-400 za Urusi, yaani makombora ya kutungulia ndege, walikasirika kwelikweli, wakaendelea na ndege yao wenyewe ya kivita, KAAN, iliyoruka Februari 2024, ikiwa na injini za Kimarekani bado, maana kutengeneza injini ndo mtihani unaowashinda wengi.

Ombi langu kwenu, mkiandika tena habari ya ndege hizi, KAAN au KF-21 ya Korea Kusini au yoyote ile, pembeni ya bei ya kununulia wekeni na ya kuitunza, na mtuambie inatakiwa kufanya kazi ngapi kwa mara moja.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam