Mhariri, Walumbu nao waandikwe

Mhariri salamu, nawasoma kila siku hapa Kirumba, Mwanza. Kwenye kurasa za mila naomba muwaguse Walumbu wa kusini mwa Gabon, kule Mayumba pwani ya Atlantiki, wengine wako Kongo Brazzaville, ni Wabantu wenzetu na uvuvi wanaujua kama sisi wa ziwani, ila kwao mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndo mwenye sauti. Wengi Wakristo, sasa je kanisani ngoma zao zinapigwa? Maana hapa Bujora, jirani na Mwanza mjini, kanisa alilojenga mmisionari Padri David Clement ni la duara kama nyumba ya Msukuma, halafu kuna kwaya mjini zinaona ngoma ushamba, kinanda tu, inauma sana. Tafuteni hata padri wa huko mumuulize.