Pima Kwanza, Ndipo Uache Ngano

Njoro, Nakuru

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Baba Njeri na watoto hawajambo, mvua imekuja vizuri, na mimi naendelea vyema kuliko ulivyonijua miaka yote hii. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikaurudia, na kabla ya habari za chama na za harusi, naomba tumalize hili la tumbo lako, maana limeninyima usingizi.

Unasema kuanzia Jumatatu unaacha chapati, mkate na mandazi kwa kuwa mimi niliacha nikapata nafuu. Dada yangu, nakusihi usiache bado. Upimwe kwanza.

Kipimo chenyewe ni cha damu. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mwenye siliaki, huu ugonjwa wangu wa utumbo, hutengeneza anapokula gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Ukikaa wiki kadhaa bila ngano, kingamwili hizo zinashuka na utumbo unaanza kupona, halafu majibu yanaweza kuja kwamba huna kitu ilhali unacho. Daktari wangu alinitaka niendelee kula ngano kila siku, na si mlo mmoja tu, kwa wiki 6 kabla ya kutolewa damu. Najua ni kama nakuambia uendelee kuumwa, na inaniuma kukuandikia hivyo. Lakini vumilia.

Unakumbuka tulipokuwa majirani Kondele. Kila nilipoenda kliniki nilirudi na ugonjwa mpya: taifodi, amiba, minyoo, vidonda vya tumbo, na kila mmoja na dawa zake. Kilichokuwa hakibadiliki ni kupungukiwa damu. Nilimeza vidonge vya madini ya chuma, nikala maini na mboga, damu ikapanda kidogo kisha ikashuka tena. Jioni tumbo lilivimba hadi leso ikakataa kufunga, na kina mama wa chama wakanipongeza kwa mimba isiyokuwepo. Wewe ndiye uliyewanyamazisha, na sijasahau. Vidonda vya mdomoni navyo havikuwa vikiisha, lakini sikuwahi kuvitaja kwa daktari, kwani nani angedhani vidonda vya mdomo na damu kupungua ni jambo moja?

Daktari aliyegundua kuwa ni siliaki alianza na swali dogo: ikiwa huyu mama anameza chuma kila siku, chuma kinapotelea wapi? Ukuta wa utumbo mwembamba una vijinyweleo vingi kama nyuzi za taulo, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye siliaki, gluteni inaufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, na vijinyweleo vinalala. Chuma hufyonzwa zaidi pale mwanzoni mwa utumbo huo, mahali panapoharibika sana. Ndiyo maana mtu anaweza kukosa damu hata kama haharishi kabisa. Maziwa pia yalikuwa yakinisumbua kwa sababu hiyo hiyo, na sasa nakunywa chai ya maziwa bila shida.

Sababu ya kukusisitizia kipimo ni hii. Mwaka 1924, huko New York, daktari Sidney Haas aliwapa watoto wenye ugonjwa huu ndizi kwa wingi na kuwakataza mkate, nao wakapata nafuu. Akaamini ndizi ndizo zilizowaponya. Ilibidi aje Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyeona wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945 kwamba watoto hao walipata nafuu mkate ulipoadimika, na uliporudi wakaugua tena. Tasnifu yake ya 1950 ndiyo iliyotaja ngano waziwazi. Katikati hapo wako watoto waliorudishiwa mkate kwa kudhaniwa wamepona. Sitaki nawe upate nafuu bila kujua umeponywa na nini, halafu mwakani kwenye matanga mtu akuwekee chai na mkate, ukale ukisema kidogo hakidhuru. Kwa mwenye siliaki hicho kidogo kinadhuru hata asipohisi kitu, na mwiko wenyewe ni wa maisha.

Wakikuambia huo ni ugonjwa wa Wazungu, usikubali. Utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika, wanao.

Ukifika hospitalini taja kipimo kwa jina, tTG-IgA, na uombe wapime pia jumla ya IgA, aina ya kingamwili kinayoitafuta, kwani wako watu ambao IgA yao ni ndogo mno na kipimo cha kwanza kinawapita. Sampuli yangu ilipelekwa Nairobi, kwa hiyo usishangae ukiambiwa usubiri. Damu ikionyesha kitu, utaingizwa kamera kupitia kinywani wachukue vipande vidogo vya utumbo. Inakera, lakini haichukui muda. Isipoonyesha, usikate tamaa. Wako wanaosumbuliwa na ngano bila kuwa na siliaki, na pia yako magonjwa mengine ya tumbo ambayo daktari atayatafuta.

Na Baraka. Uliniandikia juu juu tu kwamba darasani ndiye mfupi kuliko wote na kwamba tumbo humsumbua. Ukikutwa na siliaki, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo, kwani ugonjwa huu hutembea katika damu ya familia. Njeri wangu alipimwa, hana.

Habari za jikoni tutazungumza majibu yakishatoka. Usiogope, chakula chetu kingi ni salama: ugali, wimbi, mtama, mihogo, nduma, wali, omena. Kinachohitaji macho ni unga wa uji uliochanganywa dukani, na mashine ya kusagia. Mimi mwenyewe naishi kuzungukwa na ngano, na mashine ya hapa husaga kila kitu, kwa hiyo nimekubaliana na kijana wa pale niwahi asubuhi akishaisafisha, na debe la kwanza la mahindi yangu linaenda kwa kuku. Kanisani napokea divai peke yake, kwani mkate wa komunyo ni wa ngano, na padri alinielewa vizuri.

Niandikie ukishapata tarehe ya kupimwa. Nauli ikiwa ndiyo kikwazo sema wazi, nitatuma kwa simu. Msalimie Baba Baraka, na umwambie mimi ndiye niliyesema uendelee na chapati kwa sasa.

Wako akupendaye,
Mama Njeri